Mume, Mke na Landrova Kuukuu

Leo tuongelee mke mwenza asiyepika, asiyelala chumbani, lakini anakula hela kuliko watoto wote ndani ya nyumba. Namsema gari bovu.

Kinamama wengi wananilalamikia. Mume kanunua gari lililochoka, kila mwisho wa mwezi hela inaishia gereji, na ukiuliza unajibiwa, "Hayo mambo ya wanaume." Jamani, si Tanzania tu. Marekani wapo wanaume wanaotafuta Mustang ya miaka ya 1960, ile ya paa la kukunja, wanaifufua nati kwa nati miaka na miaka. Lakini hapa kwetu Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, Mustang itakwenda wapi na hili vumbi la kiangazi na tope la masika? Gari letu la wazi ni Landrova ya turubai. Ukitaka upepo unakunja turubai, ukiona wingu unalifunga mbio.

Ya kwetu ni Series III, ile ndefu ya 109. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu mita 2.8. Series III zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971 zikaishia 1985, kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshagonga miaka 40. Baba watoto aliikuta uani kwa mtu, imekaa juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mimi niliona banda la kuku. Yeye aliona utoto wake, enzi ambazo gari lililofika kijijini kwao, liwe la chanjo au la bwana shamba, lilikuwa Landrova.

Sasa shosti, hapo ndipo ndoa nyingi zinapoteleza. Ukimkatalia moja kwa moja, atanunua kwa siri. Ukinyamaza, utakuja kununiana naye kila ukiona risiti ya spea. Mimi nilimwambia, "Nunua mume wangu, lakini tununue wote." Tukafungua daftari moja la kaunta, linakaa sebuleni, kila mtu analiona. Hela ya gari ilitoka kwenye maharage, na maharage tunalima na kuuza wote wawili. Tukakubaliana na jambo lingine: nyumba ipate bati kwanza, ndipo gari lipate turubai.

Kabla ya kulipa tulimchukua fundi. Sikiliza hapa, maana wengi wanapigwa kwa kutazama rangi. Bodi ya Landrova hizo kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa cha mgawo kule Uingereza, wakati aluminiamu ilikuwepo ya kutosha. Ndiyo maana bodi haili kutu kama magari mengine. Chasisi ndiyo chuma, tena ina uwazi ndani, na tope likijaa humo linaila kimyakimya kutokea ndani. Fundi alipita na nyundo akigonga kidogo kidogo. Penye uzima chuma kililia ngaa, penye ugonjwa kikatoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Sehemu ya nyuma kabisa ilikuwa imeoza, na pale dereva anapoweka miguu unaona ardhi. Tukashusha bei kwa hayo. Halafu tukalinganisha namba ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma cha mbele kulia, jirani na springi. Zisipofanana, ondoka na hela yako, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Kazi ikaanza, na haikuwa ya mwezi mmoja. Imechukua miaka 3, tunanunua kitu kimoja kila baada ya mavuno. Utaratibu wetu ulikuwa huu: kinachosimamisha kwanza, kinachoendesha pili, kinachong'aa mwisho. Chasisi ikachomelewa, ikafuata breki na usukani. Injini ikafunguliwa, ikabadilishwa ringi za pistoni na gasketi. Waya za umeme zilikuwa zimeliwa na panya, zikavutwa upya zote. Penye aluminiamu na chuma vinavyogusana palikuwa na unga mweupe, maana vitu hivyo viwili vikikutana na maji, aluminiamu inalika. Fundi akaweka vipande vya mpira katikati kabla ya kufunga. Nilipoona ule unga niliwaza ndoa ngapi zimeliwa hivyo hivyo, watu wawili wazima, lakini hakuna kilaini kilichowekwa katikati.

Mtihani mkubwa ulikuja Desemba ya mwaka wa pili. Binti yetu amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni ya serikali. Ada hakuna tangu 2016, sawa, lakini godoro ni lako, sanduku lako, sare zako, na nauli pia. Wiki hiyo hiyo ikatokea gia boksi nzima mjini Kigoma, bei ya kutupa, na mwenye nayo anataka hela kabla ya Krismasi. Ndani tulikuwa na shilingi laki sita tu, na gia boksi alitaka laki tano.

Baba watoto alisema gia boksi kama ile haitapatikana tena. Nami sikupinga, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilimletea daftari nikamwambia, "Andika wewe mwenyewe kipi kianze." Nikaenda jikoni. Alikaa nalo hadi chai ikapoa. Kesho yake nikakuta ameandika "godoro", chini yake "sare", na mbele ya gia boksi ameandika "Juni, Mungu akipenda."

Gia boksi ile iliuzwa kwa mtu mwingine. Alinuna wiki nzima, na mimi sikumdai tabasamu. Mwanaume akitoa kitu anachokipenda, mwache aomboleze. Wiki ya pili nikamsikia anapiga randa uani. Anachonga mabenchi ya nyuma kwa mbao za mninga, maana mbao zilikuwepo na mikono yake haimlipishi. Gia boksi tuliyoipata baadaye ilikuwa ya bei zaidi, tukaivumilia. Binti yupo shule.

Na hilo daftari, mwenzangu, usilidharau. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili pale ndoa inapovunjika. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Mungu apishe mbali, simwombei mtu talaka. Ila gari kwenye kadi lina jina lake, na kwenye daftari lina mwandiko wetu sote. Tangu mwanzo hakuna anayeweza kusema "gari langu" bila mwenzake kucheka.

Leo Landrova inatembea. Ina kirungu cha njano na kirungu chekundu pembeni ya gia. Cha njano unakibonyeza magurudumu yote manne yanavuta, chekundu unakivuta kwenye tope zito, gari linatambaa polepole lakini halikwami. Nimejifunza kuiendesha, usukani mzito kama kusukuma mkokoteni, na mabega yangu yanajua. Siku za kazi inabeba magunia ya maharage. Jumapili baba watoto anakunja turubai, mimi nafunga kitenge kichwani dhidi ya vumbi, tunakwenda kuwasalimia wazazi. Injini inapiga kelele kiasi kwamba hatuwezi kuongea, tunabaki kutazamana na kucheka. Rangi bado. Upande mmoja kijani, mwingine kijivu, na daftari linasema rangi ni baada ya choo kipya.

Kwa hiyo dada yangu, mumeo akikuletea habari ya gari bovu, usimuulize "una wazimu?" Muulize vitu vitatu: hela inatoka wapi, kipi kinaanza, na nani anaandika. Na wewe kaka unayesoma hapa kwa kuibia, ukiona unaificha risiti ya spea mfukoni, jua gari limeshaanza kukuharibia nyumba hata kama injini ni nzima. Itoe, iweke mezani, iandikwe.

Haya, tukutane mwezi ujao panapo majaaliwa. Pendaneni!