Tununue Kifaa Kinachofunguka

Wengi wetu tunaokwenda kurekodi masimulizi ya wazee tunafuta sauti za jana ili kupata nafasi ya leo. Saa moja ya WAV ya stereo, kHz 48 na biti 24, hula takriban GB 1. Kwa hiyo, kabla kitivo hakijanunua kifaa chochote, kiulize kama hifadhi yake ya ndani inaweza kubadilishwa.

Tazameni Steam Deck, kompyuta ya mkononi iliyotolewa na Valve ya Marekani mwaka 2022. (Sisemi tununue mashine ya michezo!) Ile ya bei ya chini ilikuwa na GB 64 tu, lakini hifadhi yake imo kwenye kijibao cha milimita 22 kwa 30 kinachochomoka. Unatoa kwanza kadi ya microSD, maana ukiisahau inaweza kukatika. Unafungua skrubu nane za mgongoni, unatenganisha betri, unaweka kijibao cha GB 512, kisha unasakinisha mfumo upya. Katika simu zetu chipu imelehemiwa: anahitajika fundi wa hewa moto, na mkono ukiteleza masimulizi yote yamekwenda.

Wengine watasema kadi ya nje inatosha. Kadi ndiyo hupotea kwanza, na simu nyingi mpya hazina hata mahali pa kuiweka.