Hata Malkia Alipeleka Watoto Ng'ambo

Ndugu zetu, leo tunaongea juu ya malkia. Msicheke kwanza. Jina la Elisabeth wa Ubelgiji babu zetu wengi walilitamka kila siku, kwa sababu Lubumbashi iliitwa Élisabethville, jina lake huyo mama, mpaka mwaka 1966.

Tarehe 4 Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliingia Ubelgiji. Siku hiyo hiyo binti yake mdogo, Marie-José, alikuwa anatimiza miaka 8. Na malkia mwenyewe alizaliwa Bavaria, Ujerumani. Yaani waliokuja kushambulia nchi ya mumewe ni watu wa kwao!

Bruxelles ikachukuliwa, Anvers nayo. Mfalme Albert akabaki na kipande kidogo tu cha nchi nyuma ya mto Yser. Malkia akabaki naye huko De Panne, kando ya bahari. Baba yake alikuwa daktari wa macho, kwa hiyo mambo ya hospitali hayakuwa mageni kwake. Pale ufukweni hoteli moja iligeuzwa hospitali, ikaitwa L'Océan, na yeye alikuwa anaingia humo kufunga vidonda vya askari. Ndiyo maana wakamuita malkia muuguzi. Sifa hiyo ni yake, hatumnyang'anyi.

Lakini wakati yeye anabaki, watoto wake watatu walipelekwa Uingereza. Sisi hatujasikia mtu akimuita mwoga kwa hilo. Kila mzazi anaelewa. Na wananchi wake? Zaidi ya milioni moja walivuka mipaka kwenda Uholanzi, Ufaransa na Uingereza. Kumbe hata Wazungu walishakuwa wakimbizi, tena wengi namna hiyo.

Sasa mbona sisi tunaambiwa maneno? Kuna ndugu wanatupigia simu kutoka nyumbani: "Ninyi mlikimbia, mkatuachia shida." Na huku tuliko, wengine wanafikiri mtu anaacha shamba lake na kaburi la baba yake kwa kupenda vya bure.

Wamama wetu walivuka usiku, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Malkia aliweza kugawa: watoto kule kwenye usalama, yeye huku kwenye vita. Alikuwa na mahali pa kuwaweka na watu wa kuwalea. Mama yako angewaachia nani? Kama angebaki kufunga vidonda vya watu, wewe ungekuwa wapi leo?

Hatusemi aliyebaki ni mjinga. Hapana. Wauguzi, walimu na wakulima waliobaki kwetu tunawaheshimu sana. Tunachosema ni hiki: anayebaki ana ushujaa wake, na anayetoa watoto kwenye risasi ana wake. Mmoja asitumiwe kumtukana mwingine.

Basi tuko na ombi moja. Leo jioni, baada ya kula, muulize mama: ulivuka vipi? Ulibeba nini? Uliacha nini? Kama hataki kuongea, usimlazimishe, muache mpaka siku atakayotaka. Akiongea, andika, hata kama ni nyuma ya daftari la hesabu. Malkia alipewa mji mzima wenye jina lake. Mama zetu nao wapate angalau ukurasa mmoja.