Soko lipo, ila si Kilimani

Mwandishi wa makala kuhusu udaktari wa meno ya watoto, umepiga hesabu ya mapato ukairuka ya miaka. Shahada ya udaktari wa meno pale Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 5, unagenzi mwaka 1, kisha uzamili wa meno ya watoto miaka 3. Na huo unagenzi wenyewe, mnakumbuka mgomo wa madaktari wa 2024: serikali ilitaka kulipa Sh70,000 badala ya zile Sh206,000 za mkataba wa 2017. Mzazi anayemsukuma bintiye huku ayajue hayo mapema.

Hapa kwetu Kilimani, Nairobi, kuanzia Yaya hadi Hurlingham, vibao vya kliniki za meno vimejaa. Anayefungua nyingine anagombania wateja walewale wenye bima ya kazini. Nenda Nakuru uone watoto wa shule wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi kwenye maji ya visima. Kuna jamii ambako mtoto mchanga akiharisha, fizi hutobolewa kung'oa "meno ya nailoni", kumbe ni machipukizi ya meno halali. Kazi iko huko. Mlipaji je?

Halafu hii kazi haitaki mikono tu. Nimemwona daktari akimpa mtoto wa miaka minne kile kioo kidogo cha kukagulia meno ahesabu kwanza meno ya mamake, ndipo naye akakubali kufungua mdomo. Muda mrefu ulikwenda kabla ya jino lolote kuguswa, na bili ikabaki ileile. Hilo nalo liingize kwenye hesabu zako.