Okidi Haitaki Maji Kila Siku

Ndugu mkulima, ukiangusha mti katika shamba lako la skimu ukaona juu yake okidi, ile yenye mashina kama miwa midogo na maua ya manjano yenye madoa kama ya chui, usiitupe motoni. Wengi hudhani huunyonya mti. Sivyo. Hukaa juu ya gome tu, ikajilisha kwa mvua na majani makavu yaliyonaswa na mizizi yake.

Wengine huipeleka nyumbani, wakaizika udongoni na kuimwagilia kila siku. Mizizi huoza, ua halionekani, kisha husema mmea ni mkaidi. Mimi nasema kosa ni letu. Kahawa twaijua: vitumba vyake hulala wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha huchanua. Okidi nayo yataka kiangazi chake.

Kata kipande cha tawi pamoja na mizizi, ukifunge kwa kamba ya katani penye hewa na kivuli chepesi. Mwagilia machipukizi mapya yanapokua. Mashina yakikomaa, punguza maji. Pengine msimu mzima utapita bila ua. Vumilia, wala usiihamishe tena.

Lakini iliyo juu ya mti ulio hai, iache. Hiyo iko kwao tayari.