Tunalipia Kufanya Kazi

Kila kiongozi anaposimama kulalamika kwamba nchi haina wataalamu wa kutosha wa afya ya akili, hutamani nimuulize: unadhani uhaba huu uliletwa na mvua?

Nasomea uzamili wa saikolojia ya kliniki hapa Nairobi. Ili nihitimu, sharti nitimize mamia ya saa za mazoezi hospitalini. Hospitali niliyopangiwa ni ya umma, na hainilipi. Mimi ndiye ninayeilipa: shilingi 5,000 kila mwezi, kwa risiti, wanaziita ada ya mazoezi. Kwa ada hiyo nafungua faili, nachukua historia ya mgonjwa, nakaa na mama aliyefiwa mpaka alasiri, na kila Alhamisi naendesha kikundi cha watu wanaojaribu kuacha pombe. Mgonjwa naye amelipa dirishani ili anione. Sote wawili tumelipa. Mwanasaikolojia wa kunisimamia na kunikosoa namgharamia mwenyewe. Nauli hata sitaji.

Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na kiini kimoja kikubwa kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 kwa mwezi. Wao wakadai 206,000 za makubaliano ya 2017. Niliwaunga mkono. Najua, mwanagenzi wa udaktari ameshahitimu na mimi bado. Lakini wapo waliotutangulia, wenye shahada na leseni, ambao hadi leo "wanajitolea" katika kliniki zilezile wakingoja nafasi zitangazwe.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 ilileta bodi na usajili. Nia yake naiheshimu: mtu aliyehudhuria semina ya wiki mbili asiachiwe mtu anayetaka kujiua. Ila kumsajili mtu si kumwajiri.

Matokeo yako wazi darasani kwetu. Mwenzetu aliyetushinda sote kwa kusikiliza, mwalimu kutoka Kitui, aliacha muhula wa tatu akarudi kushika chaki. Waliobaki wengi ni sisi ambao wazazi wanaweza kutulipia kodi ya nyumba. Tutafungua ofisi Kilimani, tutoze kwa saa moja pesa ambazo muuza mboga hazioni kwa wiki, halafu tuitwe kwenye makongamano kujadili kwa nini maskini hawatafuti matibabu.

Ukisema haya utatajiwa Zimbabwe. Ni kweli, mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza Harare na bibi 14 wanaoketi na wagonjwa kwenye benchi, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba msaada huo unafanya kazi. Tuige, tena haraka. Lakini wanaopenda kisa hiki kwa sababu kinasikika rahisi kwa bei husahau kwamba bibi wale walifunzwa, wakasimamiwa, na mgonjwa alipowazidi kulikuwa na mtaalamu wa kumpelekea. Kwetu mtaalamu huyo ni yule mwalimu wa Kitui.

Kaunti zitangaze nafasi, na zitaje mishahara. Hilo litachukua muda, naelewa, bajeti ni bajeti. Lakini hospitali za umma zinaweza kuacha kututoza Jumatatu hii. Halihitaji tume wala jopo. Linahitaji karani mmoja wa fedha aambiwe asituandikie tena risiti.