Kulisingizia Jua

Msomaji, binadamu ni hodari wa kutafuta mwingine wa kumtwika lawama yake. Akikosa jirani wa kumsingizia, hulisingizia jua. Los Angeles, mji mkubwa wa California katika Marekani, umelisikia singizio hili miaka mingi: kwamba hewa yake ni chafu kwa sababu ya joto, milima na uhaba wa upepo. Singizio lina chembe ya kweli ndani yake, na kwa hiyo ni la hatari kuliko uongo mtupu.

Uchafu wenyewe ni gesi ya ozoni. Ozoni iliyo mbali juu angani ni ngao yetu; iliyo chini, tunapovuta pumzi, ni adui wa mapafu. Haitoki katika bomba la motokaa wala katika dohani la kiwanda. Katika miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha jinsi inavyozaliwa: gesi za nitrojeni zitokazo katika injini hukutana hewani na mvuke wa petroli, jua likavipika pamoja, ozoni ikatokea. Siku ya shwari hewa yenye joto hulala juu ya mji kama kifuniko cha chungu, na milima huwa kuta za chungu hicho. Upepo ukivuma, kifuniko hufunuka.

Je, jua ndilo mkosaji? Giza humsaidia mwizi, lakini sijapata kusikia hakimu aliyelifunga giza.

Tazama vipimo. Mwaka 1955 ozoni ya Los Angeles ilifika sehemu 680 katika kila sehemu bilioni za hewa. Sheria zikaja: California iliweka kikomo cha moshi wa magari mwaka 1966, na tangu 1975 magari mapya ya Marekani yalianza kutiwa chombo cha kusafisha moshi. Jua halikupungua. Milima haikuhama. Magari yaliongezeka. Hata hivyo ozoni ilishuka, muongo baada ya muongo.

Mpinzani wangu atasimama na mwaka 2020 mkononi. Mwaka ule maradhi ya Korona yalipunguza magari barabarani, lakini tarehe 6 Septemba, joto lilipopita nyuzi 49 katika mtaa wa Woodland Hills, ozoni katikati ya mji ilifika 185. "Unaona," atasema, "ni jua!" Naona. Naona kuwa siku iliyowaka kama tanuri haikuweza kuifikisha ozoni hata theluthi ya kiasi cha 1955.

Siku moja haitoi hukumu, wala mwaka mmoja. Kiangazi chenye ubaridi humvika mtawala sifa asiyostahili, na kiangazi kikali humpa udhuru asiostahili. Mwenye kutaka kweli hukusanya vipimo vya miaka mingi, akatoa kwanza fungu la joto na la upepo. Kinachobaki ndicho kazi ya mkono wa mtu. Tena joto lenyewe linazidi duniani kwa moshi wetu, hata udhuru wa jua sasa una alama za vidole vyetu.

Walipaji ni watoto. Mwaka 2002 wataalamu wa California walitangaza kuwa, katika miji yenye ozoni nyingi, watoto walioshiriki michezo mitatu au zaidi walipatwa na pumu zaidi ya mara tatu kuliko wasiocheza kabisa. Mbio huongeza pumzi, na kila pumzi iliingia na ozoni yake.