Watu wa Kale Walikuwa na Macho

Chapa ya zamani inayoonyesha mungu akimteka mwanamwali ikitundikwa ukutani, hakosekani mjuzi wa kututuliza: tusiihukumu kwa macho ya leo. Zama zile, anasema, watu hawakuona dhuluma. Waliona hadithi tu, na ufundi wa kuchora misuli. Hoja hii husemwa kwa sauti ya busara, na ndiyo maana imedumu. Ni ya uongo.

Wasanii wa Renaisansi walichota visa hivi kwa Ovid, mshairi wa Kirumi wa miaka elfu mbili iliyopita. Katika Metamorphoses, kitabu cha tano, Pluto, mungu wa kuzimu, anamnyakua msichana Proserpina akichuma maua. Binti anamlilia mama yake, vazi linachanika, maua yanamwagika. Hapo anajitokeza Cyane, binti wa chemchemi, anamzibia Pluto njia na kumwambia wazi kwamba msichana huombwa, hanyakuliwi. Pluto anapita. Cyane analia mpaka anayeyuka kuwa maji. Katika kitabu kinachofuata, mfumaji Arachne, akishindana na mungu wa kike Minerva, anafuma kitambaa chenye Europa, Leda na wengine waliohadaiwa na miungu, na Ovid mwenyewe anayaita mambo hayo uhalifu wa mbinguni. Minerva alikikagua kitambaa, hakuona kasoro ya ufumaji, akakichana. Niambie, nani hapo hakuona?

Njoo sasa kwa msanii Albrecht Dürer wa Nuremberg. Wajuzi wanaipenda chapa yake ya mnyama wa baharini, ya mwaka 1498 hivi, kwa sababu mwanamke aliyetekwa amejilaza ubavuni mwa mnyama kama aliye kitandani kwake. Haya, amejilaza. Lakini tazama ufukweni: mwanamume anakimbia mikono juu, wanawake wanahangaika kutoka majini, mmoja ameanguka chini. Dürer hakulazimishwa kuwachora. Mwaka 1516 akairudia mada kwenye bamba la chuma lililochongwa kwa tindikali, mistari ikatoka mikavu na yenye ghadhabu. Mtekaji amempanda mnyama mwenye pembe moja, mwanamke anajipinda mikononi mwake, anga limechafuka. Sijui mjuzi wetu ataupata wapi utulivu humo.

Basi imani kwamba watu wa kale hawakuona ilitoka wapi? Kwa maoni yangu, sokoni. Mwaka 1524 mchongaji wa chapa Marcantonio Raimondi alitiwa gerezani Roma kwa kuchapa picha za watu wakijamiiana, bila kisingizio chochote cha hadithi. Miaka mitatu baadaye, mjini humo humo, mchapishaji Baviera alitoa mfululizo wa picha uliochongwa na Caraglio. Mchoraji Rosso Fiorentino alibuni picha mbili, mojawapo ya Pluto na Proserpina, kisha akagombana na Baviera; nyingine zikabuniwa na Perino del Vaga. Safari hii miili mitupu ilikuwa ya miungu, na utekaji wa Proserpina ukauzwa pamoja na picha nyingine kama mapenzi ya miungu. Anayeona haja ya kufunika jambo ameshalijua.

Sidai chapa hizi zifichwe. Zile za Dürer ningezitazama kutwa. Ninachokataa ni kuwasingizia marehemu upofu ili sisi tutazame bila kusumbuka. Majumba ya makumbusho yaandike upya vibao vyake, na yaanze na picha za Caraglio.